Dawa Iliyopatikana kwa Jirani

Ukisafiri kutoka Butembo kwenda Beni, barabara hukushusha kutoka milima yenye ubaridi hadi ukingoni mwa msitu mkubwa, penye joto na mbu wengi. Safari yenyewe si ndefu, haifiki hata kilomita 60. Lakini kwa mtu aliyezoea kuchunguza maradhi, mteremko huo una maana kubwa. Maana uko ugonjwa mmoja wa watoto ambao huonekana zaidi katika nchi za joto na mvua, na huwa nadra katika milima mirefu.

Ugonjwa huo huanza hivi. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba, aliyekuwa akicheza vizuri na wenzake, huvimba shavu. Mama hudhani ni jino. Na kweli jino hulegea, pengine hung'olewa. Lakini uvimbe haupungui. Baada ya juma moja umeongezeka. Baada ya majuma mawili uso wa mtoto umegeuka, na pengine jicho limesukumwa nje. Watoto wengine hawavimbi uso bali tumbo. Hapo ndipo maneno huanza katika ukoo: mmoja asema mtoto amerogwa, mwingine ataka apelekwe kwa mtu wa mizizi, wa tatu auliza ni jirani gani aliyemtazama kwa jicho baya. Siku zapita. Nazo siku ndicho kitu ambacho mtoto huyo hana.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za ugonjwa huo na za dawa zake. Ni mmoja katika ukoo wa saratani za damu. Dawa zake zipo. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: njia ya kuutibu haikupatikana kwanza Ulaya, bali hapa kwetu Afrika, kwa jirani yetu Uganda. Tena watu wa Beni na Butembo nao, katika miaka ya karibuni, wamefanya kazi ya namna ile ile katika ugonjwa mwingine, ingawa wachache wamewashukuru.

SARATANI YA DAMU NI NINI?

Damu si maji mekundu tu. Ndani yake mna chembe nyekundu zinazochukua hewa na kuipeleka mwilini kote. Mna chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Na mna vipande vidogo vinavyogandisha damu tunapojikata. Hivyo vyote huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho. Baadhi ya chembe nyeupe hukaa katika tezi za shingoni, kwapani, kinenani na tumboni, kama askari katika vituo vyao.

Kila chembe ina sheria yake: huzaliwa, hufanya kazi, hufa, na nyingine hushika mahali pake. Saratani ni uasi wa sheria hiyo. Chembe moja hukataa kufa, nayo hujigawa bila kukoma, hata watoto wake huwasonga wenzao kama magugu katika shamba la maharagwe. Uasi ukianza katika uboho na kujaa katika damu, ugonjwa huitwa lukemia. Ukianza katika tezi na chembe zake, huitwa limfoma. Uko na wa tatu, uitwao mieloma, ambao huwapata zaidi watu wazima na kuidhuru mifupa yao.

Maradhi haya hayaambukizi. Mtoto mwenye lukemia aweza kula sahani moja na ndugu zake na kulala nao kitanda kimoja, wala hawatapata neno.

Lakini tazama ugumu wake. Uvimbe wa titi waweza kukatwa kwa kisu. Je, nani awezaye kuikata damu? Chembe hizi husafiri mwili mzima; basi hata silaha ya kupigana nazo hapana budi isafiri mwili mzima. Silaha hiyo ni dawa.

KAMPALA, MWAKA 1957

Katika mwaka 1957, daktari Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mwenzake amtazame mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka mitano. Mwenzake huyo alikuwa mpasuaji, jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland, ambaye tangu utoto alikuwa na jicho moja tu, kwa kuwa la pili alilipoteza katika ajali. Alikuwa amefika Uganda mwaka 1946. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo, wala hakujua la kufanya.

Majuma machache baadaye alikwenda kuzuru hospitali ya Jinja. Alipokuwa akitazama nje kwa dirisha, alimwona mtoto mwingine, yuko na mama yake, uso umevimba vile vile. Akaenda kumpima, akakuta na tumboni pia mna uvimbe. Mtoto mmoja huwa ajabu. Wawili ni alama. Burkitt alirudi Kampala akafungua majalada ya hospitali, akaona kwamba watoto wa namna hiyo walikuwapo wengi, ila kila mmoja aliandikwa chini ya jina jingine: huyu uvimbe wa taya, yule wa figo, mwingine wa jicho. Hakuna aliyewakusanya pamoja. Mwaka 1958 aliandika habari zao katika jarida la wapasuaji wa Uingereza. Wataalamu wa hadubini waliokuwa Kampala, miongoni mwao Gregory O'Conor kutoka Marekani, walionyesha kwamba uvimbe wote huo ni limfoma. Leo dunia nzima huuita limfoma ya Burkitt.

Mtu mwingine angaliridhika na sifa hiyo. Yeye aliuliza: ugonjwa huu wakaa wapi, na wakomea wapi? Alituma karatasi za maswali pamoja na picha za watoto kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Kisha, Oktoba 1961, alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams, aliyefanya kazi Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson. Kwa majuma kumi walisafiri maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi, kuelekea kusini mwa Afrika, wakizuru hospitali zaidi ya 50 na kuuliza kila mahali: je, mwawaona watoto hawa?

Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulikuwa umejifunga kama mshipi katikati ya Afrika. Karibu na ikweta ulikuwa nadra mahali palipopanda zaidi ya mita 1,500 hivi juu ya bahari; na kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Ndipo mtaalamu mmoja wa Entebbe, Alexander Haddow, alipong'amua kwamba siri si urefu wa mlima bali ni baridi: ugonjwa ulipenda mahali pasipopoa sana na penye mvua ya kutosha. Ni ramani ile ile ya mbu.

Mji wa Butembo umekaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na Beni uko chini ya mpaka ule. Wasomaji wetu wa miji hiyo hawahitaji maelezo mengi juu ya ramani hii. Lakini tusikosee. Haina maana kwamba mtoto wa mlimani amekingwa. Watu huhama, watoto hupelekwa kwa shangazi na bibi walio bondeni, na ugonjwa hauombi hati ya makazi.

SI UCHAWI

Mwezi Machi 1961 Burkitt alisema habari hizi katika hospitali moja mjini London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo kijana mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein. Tangu siku hiyo vipande vya uvimbe vilitumwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Miaka miwili ikapita bila kuonekana kitu. Kisha, Desemba 1963, ukungu ulifunika London na ndege ikalazimika kutua Manchester. Kipande kilichelewa, na kilipofika, maji yake yalikuwa machafu. Wangeweza kuyamwaga wakidhani yameoza. Waliyatazama kwanza, wakaona yamejaa chembe zilizo hai, zinazoogelea peke yake. Katika chembe zilizooteshwa hivyo, Epstein pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, waliona kirusi ambacho hakikujulikana kabla, wakakitangaza mwaka 1964. Kilikuwa kirusi cha kwanza kupatikana chenye uhusiano na saratani ya binadamu.

Kirusi hicho huwaingia karibu watu wote duniani, na wengi hawaugui neno. Mbona basi saratani iwapate watoto wa mshipi ule? Wataalamu wanaona kwamba malaria, ikimrudia mtoto tena na tena, huzichosha na kuzichochea zile chembe nyeupe zilizokwisha kuingiwa na kirusi, hata siku moja chembe moja hukosea inapojigawa, na uasi huanza. Basi hapana mchawi katika habari hii. Hapana jirani wa kulaumiwa, wala mama hakukosa neno katika kumlea mtoto wake.

KISU KILISHINDWA

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona upesi kwamba kisu hakifai. Utakata vipi uso mzima wa mtoto? Na mashine za kutibu kwa mionzi, zilizotumiwa Ulaya, Kampala hazikuwapo. Umaskini huo ndio uliofungua mlango. Madaktari wa Marekani, miongoni mwao Joseph Burchenal wa New York, walikuwa na dawa mpya zilizohitaji kujaribiwa, nao walishirikiana naye. Huko Nairobi, Peter Clifford alishika njia hiyo hiyo.

Dawa hizo zilitoka wapi? Yafaa wanafunzi wazijue asili za tatu kati yake, maana zaonyesha jinsi elimu isivyodharau kitu chochote.

Ya kwanza ilitokana na silaha. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari walirushiana gesi ya sumu, na madaktari wakaona kwamba waliovuta gesi hiyo walipungukiwa na chembe nyeupe. Mwaka 1942 Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walijiuliza: ikiwa sumu hii huua chembe nyeupe, je, haiwezi kuua chembe nyeupe zilizoasi? Walimjaribu mgonjwa wa limfoma kwa ndugu wa gesi hiyo. Uvimbe ukanywea, ingawa baadaye ulirudi. Kutoka kwa ukoo huo Wajerumani walitengeneza, katika miaka ya 1950, dawa iitwayo saiklofosfamidi.

Ya pili ilitokana na chakula. Chembe zikitaka kujigawa huhitaji vitamini iitwayo foliki, iliyomo katika majani mabichi. Yellapragada Subbarow, mzaliwa wa India, na wenzake walitengeneza kitu kinachofanana na vitamini hiyo lakini ni bandia, kama ufunguo unaoingia katika kufuli na kukatalia humo. Mwaka 1947 Sidney Farber wa Boston aliwapa watoto 16 wenye lukemia dawa ya namna hiyo. 10 walipata nafuu, ijapokuwa ya muda. Ndugu yake ni methotreksati, inayotumika hata leo.

Ya tatu ilitokana na ua. Wasomaji wengi wamekwisha kuliona: mmea mdogo wenye majani ya kung'aa na maua meupe au ya rangi ya waridi, yenye petali tano, hupandwa mbele ya nyumba. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Huko Jamaika watu walikunywa maji ya majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 majani hayo yalipelekwa Kanada, ambako Robert Noble na Charles Beer waliwapa panya. Sukari haikushuka hata kidogo. Bali chembe nyeupe za panya zilipungua sana. Walitafuta dawa ya sukari, wakapata njia ya dawa ya damu. Kutokana na mmea huo viwanda vya Marekani vilipata vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika mwaka 1963. Lakini msomaji asije akachuma maua na kuyachemsha nyumbani! Mmea huo ni sumu. Hospitalini hupimwa kwa miligramu. Katika sufuria hakuna awezaye kuipima.

Dawa hizo zilipowafikia watoto wa Kampala na Nairobi, jambo la ajabu lilionekana. Limfoma ya Burkitt hukua upesi kuliko karibu saratani zote za binadamu. Chembe zake zaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Na kwa kuwa dawa hizi huua hasa chembe zinazojigawa, kasi ile ile iliyowaua watoto ikawa udhaifu wa ugonjwa. Nyuso zilizovimba zilinywea kwa siku chache. Si wote waliopona. Wengi ugonjwa uliwarudia. Lakini baadhi ya watoto waliopata dozi moja au mbili tu walikaa miaka na miaka bila kuugua tena. Wakati huo, kusema kwamba saratani iliyoenea mwilini yaweza kuponywa kwa dawa peke yake lilikuwa neno ambalo madaktari wengi wa Ulaya na Marekani hawakuliamini.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kikiongozwa na kijana wa Marekani, John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Humo walijifunza kuchanganya dawa, maana adui akikimbia silaha moja hukutana na nyingine, na kumtibu tena aliyerudiwa na ugonjwa. Mwaka 1972 tuzo kubwa ya Lasker ya Marekani ilitolewa kwa waliofungua njia ya kuponya saratani kwa dawa. Waliotajwa ni pamoja na Burkitt, Burchenal, Ziegler, na Mwafrika mwenzetu Victor Anomah Ngu wa Kamerun. Na Waamerika walipoondoka Uganda katika siku mbaya za Idi Amin, Charles Olweny, raia wa Uganda, alishika uongozi, na taasisi haikufungwa.

DAWA HUJARIBIWAJE?

Huenda msomaji auliza: je, watoto hao hawakufanywa kama panya wa maabara? Ni swali la haki, wala si vema kulifunika. Katika miaka ile sheria za kulinda wagonjwa hazikuwa kamili kama leo. Watoto wale wangekufa bila dawa, na hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba elimu iliyotoka katika miili yao iliwafaa watoto wa Ulaya na Marekani upesi zaidi kuliko ndugu zao wa hapa. Leo, katika nchi tajiri, watoto 9 katika 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika nchi zetu hupona wachache zaidi, mara nyingi kama nusu. Ugonjwa ni ule ule, na dawa za msingi ni zile zile. Tofauti ni njia ndefu, fedha, na siku zilizopotea.

Siku hizi dawa hupita madaraja. Kwanza hujaribiwa katika chupa za maabara na kwa wanyama. Kisha hupewa watu wachache ili kujua kiasi kisichodhuru. Kisha watu wengi zaidi, ili kujua kama yaponya. Mwisho hulinganishwa na dawa nyingine, na wagonjwa hugawanywa kwa kura, ili daktari asiwachagulie wenye nguvu dawa anayoipenda. Na katika kila daraja mgonjwa, au mzazi wake, huelezwa na kuulizwa, naye ana haki ya kukataa.

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kusomeshwa habari hizi katika vitabu. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, haikuwapo hata dawa moja iliyothibitishwa. Mwezi Novemba mwaka huo jaribio la dawa nne lilianza Beni, likaenea hadi Mangina, Katwa na Butembo. Liliongozwa na Taasisi ya Taifa ya Kinshasa ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na wataalamu wa Marekani, nalo lilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Zilikuwa siku za hofu na uvumi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, na Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun, aliuawa Butembo. Hata hivyo, hadi Agosti 2019 wagonjwa 681 walikuwa wameingia katika jaribio, na jibu likapatikana. Kwa dawa mbili kati ya zile nne, waliokufa walikuwa kama 50 katika kila 100. Kwa mbili nyingine walikuwa kama 34 au 35 tu. Na wale waliopewa hizo mbili bora, virusi vikiwa bado vichache mwilini, walikufa kama 1 katika 10. Moja ya dawa hizo bora ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995.

Sasa tazama jinsi mambo haya yanavyoungana. Dawa hizo mbili ni kingamwili zilizotengenezwa na wanadamu. Kingamwili za namna hiyo hutumika katika saratani za damu pia: rituksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997, huzishika chembe za limfoma na kuzitia alama ili mwili uziangamize. Iko pia imatinibu, iliyoruhusiwa mwaka 2001 kwa lukemia ya namna moja ya pole pole. Hiyo ni vidonge vya kumeza kila siku, navyo hulifunga tundu moja tu la chembe iliyoasi, hata watu waliohesabiwa kufa wamerudi mashambani na darasani. Kila dawa hizo zilisimama juu ya wagonjwa waliokubali kuhesabiwa. Na wagonjwa wa Beni na Butembo wamo katika hesabu hiyo ya heshima. Haki yadai kwamba waliotoa damu yao kwa elimu wasiwe wa mwisho kuonja matunda yake.

KAZI YETU

Lakini haki ya wakubwa ikingojewa, kuna kazi ambayo sisi wenyewe twaweza kuifanya.

Mzazi, mtazame mtoto wako. Shavu lililovimba na jino kulegea bila sababu, jicho linalotoka, tumbo linalokua, miguu inayolegea ghafula, tezi zisizonywea, homa isiyosikia dawa, damu ya puani isiyokoma, weupe wa ulimi na viganja: hizo ni dalili za kumpeleka hospitali, wala si za kungojea. Si kila shavu lililovimba ni saratani. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini jino hutibiwa likapoa. Likitibiwa na uvimbe ukaendelea, usikae. Hospitalini watakata kipande kidogo na kukitazama kwa hadubini. Kipande hicho hakieneze ugonjwa, kama wengine wasemavyo. Bila hicho daktari ni kama mtu apigaye mshale gizani.

Matibabu yakianza, yamalizwe. Hapa ndipo twapoteza watoto wengi. Uvimbe hunywea baada ya sindano ya kwanza, mtoto hucheka, nauli imekwisha, shamba langoja, nao wazazi humrudisha nyumbani. Chembe chache zilizobaki hukua tena, na safari hii zimekwisha kuijua dawa. Nywele zikianguka na mtoto akitapika, usidhani kwamba anauawa. Dawa hupiga kila chembe inayokua upesi, na nywele zitaota tena. Katika siku za kwanza madaktari humtilia maji mengi mwilini, maana uvimbe ukiyeyuka kwa ghafula waweza kuziba figo. Na mtoto aliye katika matibabu akipata homa, ni jambo la saa ile ile, si la kesho, kwa kuwa askari wa mwili wake wamepungua.

Njia ni ndefu kwa watu wetu, tena zina hatari zake. Nani wa Beni asiyelijua hilo? Lakini kutoka Kasindi hadi Kampala ni barabara moja, na taasisi ile iliyozaliwa mwaka 1967 ingali inapokea wagonjwa wa nchi jirani. Huko Gulu, Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1959, nayo imewatunza watoto wengi wenye ugonjwa huu. Jamaa moja peke yake haiwezi gharama za safari na majuma ya kukaa ugenini. Lakini jumuiya ya nyumba ishirini yaweza kuchanga nauli, kumlimia shamba mama aliye hospitalini, na kuwatunza watoto aliowaacha. Tena watu wazima wenye afya waweza kutoa damu, maana mtoto mwenye lukemia aweza kuhitaji damu mara nyingi kuliko chakula cha sikukuu.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba habari hii yote ilianza kwa mtu mmoja mwenye jicho moja aliyetazama dirishani. Mtoto yule wa Jinja alipitiwa na wengi siku hiyo. Katika shule zenu za Butembo na Beni wamo watakaokuwa wauguzi, waganga na wataalamu wa hadubini. Jifunzeni hesabu na elimu ya viumbe; na tangu sasa jifunzeni kutazama. Mwenzenu wa dawati akivimba shavu, msimcheke wala msimwogope. Mwambieni mwalimu siku hiyo hiyo, na mwalimu amwendee mzazi kabla jua halijatua.